Zebaki: kabla ya kuchoma mawe, tuulizane moshi utakwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Mbagala ambaye maoni yake mliyatoa wiki iliyopita. Kwa wasiobahatika kuyasoma: ndugu huyo analalamika kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu wanauziwa zebaki ya magendo kwa bei ya kuumiza, kwenye vichupa visivyo na lebo. Anasema zebaki asili yake ni jiwe, na kwamba huko Indonesia na Mexico watu wa kawaida wanalichoma jiwe hilo nyuma ya nyumba zao na kupata zebaki. Kwa hiyo Serikali iwaache vijana wetu walitafute, wajenge matanuri, tujitosheleze. Akamaliza kwa kuuliza, "Sisi tunashindwa nini?"

Mimi nimefanya kazi ya ufundi sanifu katika maabara ya madini hapa Dar es Salaam mpaka nilipostaafu. Jiwe analolitaja nimelishika, nimelisaga, nimelichoma. Namjibu: hatushindwi kitu. Kuitoa zebaki kwenye jiwe ni kazi nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kilichowashinda wote waliotutangulia, kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ni kuuzuia moshi. Na barua yake, pamoja na urefu wake wote, haikuutaja moshi hata mara moja.

Jiwe lenyewe linaitwa sinabari. Ndani yake zebaki imefungamana na salfa, basi, hakuna cha ajabu zaidi. Kilo moja ya sinabari safi ina gramu 862 za zebaki na kinachobaki ni salfa. Ni jekundu, na ukilisugua kwenye kigae cheupe kisichong'arishwa linaacha mstari mwekundu uliokolea. Lakini rangi si ya kuiamini. Cha kuamini ni uzito, kwa sababu sinabari ina uzito wa mara nane ya maji. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinapita gramu mia mbili. Mtu akikuwekea mkononi bila kukuambia, mkono unashuka.

Nasema rangi si ya kuiamini kwa sababu kaunta yetu ilikuwa haipumziki. Watu walikuja na mifuko ya rambo imejaa mawe mekundu, kila mmoja ana uhakika amepata zebaki. Namkumbuka mzee mmoja wa Kisarawe, kanzu na koti, kikapu mkononi, na mfukoni ana karatasi iliyochorwa ramani ya mahali ambapo ati Mjerumani alificha mali yake akakimbia. Nilimpa kiti akae aone kipimo kinavyofanyika, maana nilishajifunza kwamba mtu asiyeona kwa macho yake ataondoka akisema ameibiwa.

Kipimo ni cha kizamani na hakina mashine. Unasaga jiwe liwe unga, unauchanganya na magadi makavu, unautia ndani ya kijibomba chembamba cha kioo kilichozibwa upande mmoja, kisha unashika upande wa unga juu ya moto. Magadi yanaikamata salfa. Zebaki inayobaki peke yake haivumilii joto hilo, inageuka mvuke na kupanda. Ikifika sehemu ya juu ya kioo ambako moto haujafika, inapoa na kuganda pale pale: utaona pete ya kijivu kwenye ukuta wa kioo. Ukiigusa pete hiyo kwa njiti, ule ukungu wa kijivu unakusanyika kuwa vitone vidogo vinavyong'aa na kukimbizana. Ukiona vitone, ni zebaki. Usipoviona, hakuna cha kubishana.

Jiwe la mzee lilipashwa joto likawa jekundu zaidi, likawa jeusi kidogo, kioo juu kikabaki safi kabisa.

"Mzee wangu, hiki ni chuma. Ni udongo wa kutu tu."

"Mwanangu," akasema, "una hakika hukukificha?"

Nikampa kile kijibomba aende nacho. Akakifunga kwenye leso. (Nitumie nafasi hii kusema neno moja kuhusu hiyo inayoitwa zebaki nyekundu, inayouzwa kwa mamilioni na wajanja, mara iko ndani ya redio za zamani, mara ndani ya cherehani. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei ya gari kwa uvumi huo huo. Hakuna kitu kama hicho. Ukifungua cherehani utakuta mafuta ya cherehani.)

Sasa, Mhariri, nimelieleza hilo jaribio kwa kirefu kwa sababu kiwanda chochote cha zebaki duniani ni kile kijibomba kilichokuzwa. Joto linaachanisha, ubaridi unakusanya. Karibu miaka 300 kabla ya Kristo, Mgiriki Theophrastus alikwishaandika njia nyingine isiyo na moto, ya kuitwanga sinabari pamoja na siki ndani ya kinu cha shaba kwa mchi wa shaba, maana shaba nayo inaipenda salfa. Inafanya kazi, ila kwa kutwanga hivyo utapata zebaki ya kuchezea tu. Anayetaka kuuza atakwenda kwenye moto.

Kwenye moto, magadi hayahitajiki. Ukiipasha mbale, yaani mawe yenye madini, mpaka nyuzijoto 600 hivi na ukaacha hewa ipite, oksijeni ya hewani inaichukua salfa na kuondoka nayo kama gesi inayokaba koo, na zebaki, ambayo inachemka kwenye nyuzijoto 357, inatoka kama mvuke. Wengine hutia chokaa au vyuma chakavu ndani ya chungu kilichofungwa ili salfa ibaki humo. Hao wa Indonesia anaowasifu ndugu yangu, kule kisiwa cha Seram, wanafanya hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijana wa Mbagala amebahatika kupata mbale yenye asilimia moja ya zebaki, ambayo katika migodi mingi ya historia ingehesabiwa kuwa nzuri. Tani nzima ya mawe inampa kilo 10. Zebaki ni nzito, mara 13.5 ya maji, kwa hiyo kilo 10 hizo haziijazi hata chupa ya lita moja. Ili azipate amezipasha joto kilo nyingine 990 za mawe yasiyo na faida yoyote mpaka yakawa mekundu. Mkaa huo anaununua kwa bei gani? Na pamoja na kilo 10 hizo za zebaki zimetoka kilo tatu na ushee za ile gesi ya salfa, ambayo majirani wameivuta. Hapo bado sijagusa zebaki iliyopotea.

Na inapotea. Hapa ndipo ningependa msomaji awe mvumilivu, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Mvuke ukitoka tanurini unapitishwa kwenye mabomba ya kupozea. Zamani hayakuwa mabomba. Kule Huancavelica, Peru, mwaka 1633 Lope de Saavedra Barba alibuni tanuri ambalo moshi wake ulipita kwenye safu ndefu za vyungu vya udongo vilivyotobolewa pande zote mbili, mdomo wa kimoja umeingia kwenye makalio ya kingine. Vyungu hivyo viliitwa aludeli. Mwaka 1646 Juan Alonso de Bustamante akaupeleka ufundi huo Almadén, Hispania. Vililazwa juu ya sakafu ya mteremko, nje, juani, viungo vimezibwa kwa udongo, na zebaki ikachuruzika kuelekea mfereji wa katikati. Udongo ukikauka unapasuka, na panapopasuka moshi unatoka. Kazi ya kuvizunguka vyungu na kuziba nyufa ilikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa na pua.

Baadaye yakaja mabomba ya chuma yanayomwagiwa maji, matanuri ya kuzunguka, feni, na kadhalika. Lakini kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni masizi. Mvuke wa zebaki ukipoa haugeuki kuwa maji mazuri ya kung'aa yanayotiririka kwenye ndoo, kama watu wanavyofikiri. Sehemu kubwa inaganda kama vumbi laini sana la vitone visivyoonekana, limechanganyika na masizi ya kuni, vumbi la mawe na unyevu. Ni uji mzito wa kijivu uliong'ang'ania ndani ya bomba. Ili kuikamua zebaki humo, uji unakwanguliwa, unamwagwa juu ya meza au sakafu ya mteremko, unachanganywa na chokaa, na unakorogwa na kupigwa kwa reki mpaka vitone vishikane na kuanza kuteremka. Kwa karne nyingi hayo yalifanywa kwa mikono, mtu ameinama, uso uko juu ya uji. Nimesoma mengi kuhusu kazi za hatari. Sijaona kazi ambayo mtu analazimika kukaa karibu hivyo na sumu yake ili tu kumaliza kilichobaki kwenye bomba.

Na hata ukikwangua kila bomba, hewa inayotoka mwisho wa bomba la mwisho bado ina zebaki. Si uzembe wa fundi, ni tabia ya zebaki yenyewe. Kwenye joto la nyuzi 20, kila mita ya ujazo ya hewa iliyokaa na zebaki inaweza kubeba miligramu 14 hivi za mvuke wake. Kwenye nyuzi 30 inabeba mara mbili. Kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wanashauri kisizidi ni miligramu 0.025. Sasa ndugu yangu wa Mbagala achukue kalamu. Mzungu wa nchi ya baridi alipoza moshi wake kwa maji baridi na bado akawaua watu. Sisi tutaupoza kwa maji gani? Maji ya simtanki la juu ya bati, mwezi wa Februari saa nane mchana, hapa kwangu Tabata yanamwogesha mtoto bila kuchemshwa. Hewa itakayotoka kwenye bomba lililopozwa kwa maji hayo itakuwa imepita kiwango kile zaidi ya mara elfu moja, na huyo ni fundi hodari ambaye bomba lake halivuji popote.

Watu huniambia, "Mama, mbona sisi tulipokuwa wadogo tulichezea zebaki ya kipimajoto kilichovunjika, na tuko hai?" Ni kweli. Hata mtu akimeza kitone kile, karibu chote kitatoka kama kilivyoingia, kwa sababu tumbo haliichukui zebaki ya maji. Mapafu ndiyo yanayoichukua. Ukivuta mvuke wake, takriban asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo na figo. Haina harufu, haikoholeshi kama pilipili inayokaangwa. Ile gesi ya salfa angalau inakufukuza. Mvuke wa zebaki hauna taarifa, na dalili zake zikija watu wanazidhania mambo mengine: mikono kutetemeka, fizi kuvimba, hasira zisizo na sababu, kusahau, kukosa usingizi. Mke anasema mume amerogwa.

Almadén ndio mgodi uliotoa zebaki nyingi kuliko yote, inakadiriwa theluthi moja ya zebaki yote iliyowahi kutumiwa na binadamu. Nani aliifanya kazi ile? Watu huru hawakutosha, hawakutaka. Wakaletwa wafungwa waliohukumiwa kupiga makasia kwenye meli za mfalme, na watumwa, wengi wao Waislamu wa Afrika Kaskazini. Mwaka 1593 mfalme alimtuma hakimu kwenda kuwahoji wafungwa wale kwa siri, nao wakaeleza habari za wenzao waliotoka kwenye matanuri wakitetemeka na kupotewa na akili. Hiyo si hadithi ya wanamazingira wa leo, Mhariri. Ni mashahidi walioapishwa, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Wakubwa walijua. Waliendelea kwa sababu madini ya fedha ya Amerika yalihitaji zebaki kama dhahabu ya Geita inavyoihitaji leo.

Idrija, ambako sasa ni Slovenia, zebaki ilionekana mwaka 1490. Inasimuliwa kwamba mtengeneza mapipa aliloweka pipa lake kwenye chemchemi akakuta chini yake kitu kizito kinachong'aa. Miaka ya mwanzo watu wa pale walifanya hasa kile anachokipendekeza ndugu yangu: kila mwenye mbale aliichoma mwenyewe, msituni, kwa marundo ya kuni na vyungu vya udongo. Vigae vya vyungu hivyo bado vinaokotwa kwenye misitu ile, na udongo unaovizunguka bado umejaa zebaki. Miaka mia tano. Mgodi ule ulikuwa na daktari wake, Giovanni Antonio Scopoli, kuanzia mwaka 1754, na wagonjwa hawakumwishia. Migodi yote miwili, Almadén na Idrija, imekwishafungwa, na mwaka 2012 UNESCO iliiweka pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watalii wanalipa kiingilio kuona matanuri.

Huancavelica ndiyo inayonisumbua zaidi. Wakazi wa asili walilazimishwa kwa zamu kwenda mgodini, kijiji kwa kijiji. Mabaki ya mawe yaliyochomwa yalitupwa mjini, udongo ukajaa, na watu wakaendelea kuufyatulia matofali. Watafiti wa miaka ya karibuni wamepima kuta na sakafu za nyumba za leo mjini humo wakakuta zebaki ndani yake. Mtoto anazaliwa kwenye chumba ambacho kuta zake ni jivu la tanuri la mfalme wa Hispania. Nani hapa mjini, anayejua jinsi tunavyokusanya kifusi popote kinapopatikana ili tuinue kiwanja, hawezi kuona jambo hilo likitokea Mbagala?

Upande wa sheria nitapita haraka, kwa kuwa si taaluma yangu. Kuna Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nchi mwanachama hairuhusiwi kufungua mgodi mpya wa zebaki. Wenye migodi tayari wamepewa miaka 15 ya kumalizia, ndiyo maana hao wa Mexico bado wanaonekana wakichoma. Na msomaji aangalie hili: hata zebaki inayotoka kwenye migodi hiyo ya kumalizia hairuhusiwi kupelekwa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwa hiyo tanuri analoliota ndugu yangu limekatazwa mara mbili, kwa kuanzishwa kwake na kwa mteja wake.

Lakini nisionekane nimekuja kukataza tu. Ndugu yangu ana haki kuhusu jambo moja. Mchimbaji mdogo amebanwa, na kumwambia aache zebaki kesho asubuhi bila kumpa njia nyingine ni kumtukana. Ninachomwomba ni kwamba ile hamu yake ya matanuri aihamishie upande wa pili wa kijibomba, upande wa kupoza. Kwa sababu moshi wa zebaki tayari tunao. Hatuna haja ya kutafuta jiwe.

Nilipokuwa bado kazini tulikwenda kuchukua sampuli kwenye mwalo mmoja, yaani mahali pa kusagia mawe na kuoshea dhahabu, upande wa Geita. Karasha za kusagia mawe zinapiga kelele, vumbi, vijana wanaosha mchanga kwenye karai, zebaki inamiminwa humo kutoka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Zebaki inaikumbatia dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, kigumu kiasi, ambacho karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Kidonge kile kiliwekwa kwenye kopo juu ya jiko la mkaa. Jiko la pembeni lilikuwa na sufuria ya ugali. Dakika chache, kidonge kikageuka kutoka cheupe kuwa cha njano, na nusu ile yote ilikuwa imekwenda hewani, juu ya ugali, kwenye nywele zetu.

Kijana mchomaji aliponiona nimerudi nyuma akacheka. "Mama, sisi tumeshauzoea."

Nikampa kalamu na ukurasa wa mwisho wa daftari langu la sampuli, nikamwomba achore mstari wa kuzunguka kuanzia katikati kwenda nje, nione kama mkono unatetemeka. Alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu. Mstari wake ulikuwa na vikona kona kuanzia mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho. Wenzake wakamtania. Yeye hakucheka tena. Kabla ya hapo mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliofanya kazi Rwamagasa, Geita hiyo hiyo, ulikuwa umekwishawapima watu, na wachomaji ndio waliokutwa na hali mbaya kuliko wengine.

Sasa, kifaa cha kuukamata moshi ule kipo na hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Kinaitwa ritoti. Ni chungu cha chuma chenye kifuniko kinachokaza, na bomba linalotoka juu na kuinama kushuka, limezungushiwa kitambaa kibichi au limepita ndani ya maji. Kidonge kinakaa ndani, moto uko chini, mvuke unapita bombani, unapoa, zebaki inadondoka tone kwa tone kwenye bakuli la maji. Ikitumiwa vizuri inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, na mchimbaji anaitumia tena. Hapo ndipo ilipo zebaki ya bei nafuu ambayo ndugu yangu anaitafuta. Haihitaji mgodi wala tanuri la nyuzi 600.

Mafundi wa Gerezani wanaweza kuitengeneza kwa bomba la chuma na kuchomelea kidogo. Ila wasitumie bomba la mabati wala viungo vya shaba, kwa sababu zebaki inavila. Chuma tupu haikigusi, ndiyo maana tangu zamani husafirishwa kwenye mitungi ya chuma ya kilo 34.5. Na mdomo wa bomba usizame kwenye maji ya bakuli. Ukae juu kidogo tu, la sivyo chungu kikianza kupoa kitavuta maji ndani na kupasuka. Ichomwe nje, mbali na watu, si jikoni, na isifunguliwe ikiwa ya moto.

Mbona basi haitumiki? Niliwauliza. Hakuna aliyesema bei. Walisema hawaoni dhahabu yao. Kidonge kikiingia kwenye chuma kilichofungwa, mwenye duara (shimo la kuchimbia), mwenye karasha na mwosha mchanga wote wanabaki wanatazamana, kila mmoja anadhani mwenzake amebakiza kitu ndani. Kwenye kopo kila mtu anaona. Hilo ni tatizo la kuaminiana, na nakiri kwamba sisi wa maabara tulikuwa tunawapelekea vipeperushi vya madhara ya zebaki wakati wao walikuwa wanataka chungu chenye dirisha. Ritoti za kioo zipo. Zinavunjika upesi, lakini zipo, na kijana mwenye akili ya kujenga tanuri anaweza kukaa chini akabuni iliyo bora.

Nisiwasahau masonara wa mjini. Dhahabu inayoletwa Kariakoo kutoka mialoni bado ina asilimia chache za zebaki ndani yake, na inatoka pale sonara anapoiyeyusha dukani, mlango umefungwa kwa ajili ya usalama, feni inazungusha hewa ile ile. Hao hawajawahi kuona mwalo na wanaivuta kila siku.

Ningependa pia Serikali na wenye mitaji waweke nguvu kwenye njia zisizotumia zebaki kabisa, meza za kutikisa na mitambo midogo ya pamoja ya kuchenjua, lakini hiyo ni barua nyingine, na Mhariri utaikata hii kabla haijafika hapo.

Kuhusu swali lake la mwisho, kwamba mtu akilikuta jiwe lenyewe la sinabari shambani kwake afanye nini: aliache. Likiwa jiwe, zebaki imefungwa na salfa na haina haraka ya kwenda popote. Asilisage, asiliweke sebuleni, asiliweke karibu na jiko. Awaone watu wa Tume ya Madini. Na mwenye kichupa cha zebaki nyumbani, awe amekinunua au amekirithi, akifunge sawasawa, akiweke mahali pa baridi ambapo mtoto hafiki, kisha awasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ajue pa kukipeleka. Asikimwage chooni. Ikimwagika sakafuni asiifagie kwa ufagio, maana ufagio unaivunja kuwa vitone vingi zaidi na kila kitone kinatoa mvuke. Afungue madirisha, awatoe watoto nje, avikusanye vitone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu na kuviweka kwenye chupa yenye maji kidogo juu yake.

Wako,
Fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Tabata, Dar es Salaam